Kikapu Kisichopoteza Joto

Maharagwe ya Juru yana kiburi. Unayaweka motoni asubuhi, jua linapanda, linafika utosini, linaanza kushuka, na yenyewe bado yanakutazama tu, magumu kama yalivyotoka shambani. Mama yangu hakuwahi kuyalaumu. Alisukuma kuni ndani kidogo, akapuliza, akarudi kwenye kigoda chake na kusema, "Yataiva tu. Hakuna haragwe lililowahi kushinda moto." Asiye na subira ni mimi. Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari kule Nyamitanga, mjini Mbarara, ng'ambo ya mto Rwizi, na kila nilipokuja Juru mwisho wa juma nikaona moto ule unavyolamba pande za chungu na kupaa zake hewani bure, damu ilinichemka kabla ya maharagwe.

Ubaya wa kusoma ndio huo, unaona hasara hata pale ambapo hakuna aliyelalamika. Kila mwaka nawafundisha watoto mambo yaleyale. Kazi ni nguvu inayosogeza kitu. Kisiposogea, hata ukitoka jasho la mwili mzima, kwa hesabu zetu hujafanya kazi. Nishati ni akiba ya kazi, ile inayolala ndani ya kuni, ndani ya ugali, ndani ya jiwe lililokaa juu ya mlima likingoja kuporomoka. Na uwezo ni upesi wa kazi, yaani kati ya wawili wanaobeba mzigo uleule kupanda ngazi ileile, nani anafika mapema. Darasani tunayasema kwa Kiingereza, lakini mimi niliyaelewa siku nilipojieleza mwenyewe kwa Kiswahili cha nyumbani. Nikamweleza na mama: ukisukuma ukuta kutwa nzima na ukuta usisogee, hujafanya kazi. Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kitenge.

"Huyo mutu wa fizikia," akauliza, "alishawahi kulea mutoto?"

Nikifika kwenye somo la ufanisi, nachora ubaoni mafiga matatu na chungu. Halafu nachora mishale. Mmoja mwembamba unaingia chunguni, na mingine minene inatoka nje, pande zote. "Hii yote," nawaambia nikigonga ubao, "ni hasara." Muhula mmoja msichana wa dawati la mbele aliinua mkono. "Madam, hilo joto linalopotea linakwenda wapi?" Nikamjibu kwa ukali, maana kengele ilikuwa karibu kulia: "Kwenye mazingira. Andika."

Sasa niwaeleze kidogo habari za mama. Tulitoka Kivu Kusini mimi nikiwa bado mdogo, tukapewa kiwanja Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi, na hapo ndipo nilipokulia. Wadogo zangu walipata safari za ng'ambo; nilibaki mimi. Mama ana shamba lake dogo la maharagwe, ana kanisa lake, na alikuwa na moto wake. Nasema moto wake kwa sababu ulikuwa haufi. Jioni aliufukia majivuni, alfajiri akaufukua na kuupuliza, ukaamka. Na ulipoamka, aliingia jirani.

Jirani yetu ni mjane kutoka Burundi, Mkatoliki wa kuvaa rozari hata akienda shambani. Mama ni Mprotestanti wa kuimba tenzi hata akimenya vitunguu. Kuhusu Bikira Maria hawajapatana hata siku moja, na kuhusu moto hawakugombana hata siku moja. Kila asubuhi jirani alikuja na kigae cha chungu kilichovunjika, kuomba makaa machache ya kuwashia jiko lake. Kuomba moto kuna sheria zake. Kwanza, huombi ukiwa umesimama mlangoni. Lazima ukae, uulizwe ulilala je, na wewe uulize. Pili, moto haunyimwi, hata akija mtu mliyetukanana jana. Tatu, moto haushukuriwi. Nilipokuwa mtoto nikisema asante kwa makaa, mama alinifinya. "Unashukuru kitu kilichokwisha," alisema. "Moto haukwishi. Kesho ni yeye atakuja kwako."

Mimi niliona ni mambo ya wazee. Kiberiti kipo dukani, nani ana muda wa kukaa?

Halafu mama akaanza kupapasa. Akichagua mchele aliacha mawe, akinisalimia aliangalia bega langu. Nikampeleka Mbarara, hospitali ya misheni pale Ruharo, wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wakamfanyia upasuaji la kulia kwanza. La kushoto lingengoja mwenzake apone. Siku ya kufungua bandeji nesi alimfuta taratibu, mama akapepesa, akanitazama usoni kwa muda mrefu. "Mama yangu we!" akasema. "Kumbe ulizeeka hivi!" Nesi alicheka, nami nikacheka, na machozi yakanitoka kwa furaha.

Nesi huyo alikuwa Mnyankore, na Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, kifupi kama amri ya askari. "Mama, sikia. Moto hapana. Moshi hapana. Kuinama kupuliza-puliza, hapana kabisa. Jicho nataka pumzika. Kama iko moshi, hii ya kwanza itaharibika na hii ya pili hatutagusa." Akanigeukia. "Wewe nyabo," yaani bibi, "angalia yeye." Nikamwambia, "Niachie mimi."

Njiani nilifikiria. Njia ya kwanza ilikuwa mama ahamie kwangu Nyamitanga, na hiyo aliikataa kabla sijamaliza sentensi. Alishawahi kukaa kwangu, akasema kule anazungumza na kuta. Njia ya pili sikuitaja. Ilikuwa ni mimi niombe kuhamia shule ya kambini, nikae naye, niwe mimi wa kupuliza huo moto. Ilipita kichwani mwangu, nikaipisha, kama unavyompisha njiani mtu unayemfahamu lakini hutaki kusimama naye. Njia ya tatu ilikuwa fizikia.

Haragwe halitaki miali ya moto. Linataka joto lisiloondoka. Ukiliroweka usiku kucha, ukalichemsha kidogo tu asubuhi, halafu ukakizuia chungu kisipoe, litaiva lenyewe bila kuni hata moja. Nikanunua kikapu kikubwa soko la Mbarara, nikakitandika majani makavu ya mgomba, nikakizungushia blanketi kuukuu ndani, nikashona mto mnene wa kufunika juu. Nikanunua na mtungi mdogo wa gesi wa kuchemshia. Nilijaribu kwangu kwanza. Nilipofunua mchana mvuke ulinipiga usoni, nikabonyeza haragwe kwa vidole viwili, laini! Niliruka jikoni peke yangu kama mwendawazimu.

Ijumaa hiyo jioni nilifika Juru na kikapu kichwani kama bibi harusi na zawadi zake. Nikamwonyesha mama namna ya kuwasha gesi, namna ya kufunika. Kisha nikachota maji kwenye jagi, nikaumwagia moto wake. Nilijua nisipouzima ataupuliza nikigeuka tu. Ulilia kwa muda, ukatoa moshi mweupe mwingi, ukanyamaza. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, ameshika kidevu. Hakusema kitu, na mimi niliuchukua ule ukimya kuwa kibali.

Asubuhi niliamshwa na kilio.

"Yooo! Mama weee! Umetuacha na nani!"

Nilitoka nje nimejifunga shuka. Wanawake wa kijiji walikuwa wanaingia uani wamefunga vitambaa kiunoni, kila mmoja na mzigo wa kuni, wa kwetu mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso, wa Burundi kichwani. Jirani alikuwa mbele, rozari ameizungusha mkononi, machozi yanachuruzika. Kwetu moto wa jikoni huzimwa mtu akifa. Yeye alikuwa ametoka alfajiri na kigae chake, akatazama paa la mama, akakosa moshi, na akajua jambo moja tu. Hakugonga hata mlango. Alienda kuwaita wenzake, wakabeba kuni za kilio kama inavyotakiwa.

Mama akatokea upande wa chooni, mswaki mdomoni. Akawatazama. "Nani alikufa?" akauliza.

Jirani aliangusha kuni zote miguuni pake. "Si wewe!"

Tulicheka, jamani. Wengine walikaa chini kabisa kwenye vumbi. Mmoja alimshika mama mashavu kuhakikisha ana joto. Mimi nikaona hapa ndipo pa kutoa somo. Nikaleta kikapu, nikawaeleza habari za joto linalopotea, nikawaonjesha maharagwe niliyokuja nayo jana. Waliyatafuna wakitazamana. Mmoja wao, mwenye mdomo usio na pazia, akasema, "Hiki kikapu kingekuwa mwanaume, ningefunga mizigo yangu leo nihamie kwake. Kinapika, kinanyamaza, na hakiulizi ulikuwa wapi." Nilicheka kuliko wote.

Walipoondoka waliziacha kuni. Kuni za kilio hazirudi na aliyezileta. Mama alizipanga ukutani mwa jiko, nzuri, kavu, za kutosha siku nyingi, na zikakaa hapo. Mara kwa mara nilimkuta amekaa anaziangalia. Nikamwambia tuzigawe. "Ziache," alinijibu. "Zina siku yake."

Wiki zilizofuata nilikuwa mtu wa kujipiga kifua. Nilikuja Jumamosi, nikakuta chungu kimeiva ndani ya kikapu, nyumba safi, nguo za mama hazinuki moshi tena. Darasani nilianza kumtolea mfano. Nilichora kikapu kando ya mafiga na mishale yake yote imefungiwa ndani, na nikasema, tena kwa majivuno, "Huyu ni mama yangu mwenyewe, hapotezi kitu." Kweli, alikuwa amepungua maneno. Alilala mchana, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Aliniuliza leo ni siku gani, na baada ya muda akaniuliza tena. Nikasema ni uzee, nikamletea vitamini.

Na kulikuwa na yale makaa. Kati ya nyumba yetu na ya jirani kuna kijia, na katikati ya kijia kuna kichuguu. Pembeni ya kichuguu hicho palikuwa na vipande vya makaa yaliyokufa, vyeusi, vimesagika, na kila nilipokuja vilikuwa vimeongezeka. Jumapili moja nilivikanyaga na viatu vyangu vyeupe vya kanisani. Nikafoka, maana hasira zangu mimi haziko mbali. "Watoto wa siku hizi hawana adabu, wanachezea moto hadi njiani!"

"Ndiyo, batoto," mama alisema, akatazama kwingine.

Halafu ikaja siku ambayo sikutarajiwa. Wanafunzi walikuwa wameenda mashindano ya michezo, masomo hayakuwepo, nikapanda gari asubuhi mapema katikati ya wiki nikaja Juru. Mlango wa mama umefungwa. Kikapu kiko ndani, chungu bado cha moto. Mama hayupo. Nikapita nyuma, nikasikia sauti yake kutoka jikoni kwa jirani, anacheka. Nilikuwa sijausikia ule mcheko tangu niliposhona mto wa kikapu.

Nikachungulia. Moshi ulikuwa umejaa mpaka huoni paa. Mama yangu alikuwa amepiga magoti, mashavu yamejaa upepo, anapuliza, na lile jicho tulilolihangaikia limekuwa jekundu kama pilipili iliyoiva, maji yanatiririka.

Sijui nilianza na neno gani. Najua nilimwita jirani mchawi. Nilimuuliza kama anataka mama apofuke ili apate nini, na nani atamwongoza chooni, yeye na rozari yake? Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kwetu mtu wa umri wangu hasemi hivyo na mwanamke wa umri ule, hata akiwa profesa. Mdomo uliponza kichwa, lakini siku ile kichwa chenyewe ndicho kilichokuwa kinaongoza mdomo. Nilikuwa na hakika niko sahihi, na sijui ukali mbaya kuliko wa mtu mwenye hakika.

Jirani alisimama na mfuniko wa chungu mkononi. Alingoja nimalize.

"Mwalimu," akasema polepole, "mimi sikumwita. Anakuja mwenyewe, kila asubuhi, na kigae chake. Anaomba moto. Moto haunyimwi."

"Moto wa nini, na gesi anayo?"

Mama aliinuka akishika kiuno, akachukua kigae chake chini, makaa mekundu yamekaa juu yake, akapita mbele yangu bila kunitazama. Nikamfuata kwenye kijia. Alipofika kwenye kichuguu aliinama, akayamwaga makaa mchangani, akayakanyaga kwa kandambili mpaka yakafa. Kisha akakipangusa kigae kwa majani, taratibu, kama mtu anayeosha sahani.

"Ulisema moto usiingie kwangu," akasema. "Sijauingiza hata siku moja. Njo nauachaka hapa, kila asubuhi."

Nilitazama chini, nikaona asubuhi zote zile zimelala pale, nyeusi, na nyayo za viatu vyangu vya kanisani juu yake. Nilitaka kusema kitu cha kiakili. Nilisema, "Lakini mama, kwa nini?"

"Kikapu ni kizuri, mama," akanijibu. Kwetu mzazi humwita binti yake mama, na siku hiyo neno hilo lilinichoma. "Kinapika. Lakini hakiniulizi nililala je."

Kesho yake tulikuwa Ruharo. Nesi yuleyule. Alilifungua jicho kwa vidole, akaguna, akauliza kwa sauti ya polisi, "Mama, wewe iko napika na kuni?" Mimi nilifungua mdomo, lakini mama alinitangulia. "Moto kwetu hakuna," alisema, amekaa wima kama shahidi. "Mutoto yangu aliuzima." Nesi akanigeukia uso umekunjuka. "Madam, umefanya vizuri sana. Wengine wanaacha wazazi wao kuungua macho." Sikumsahihisha. Nilipokea sifa ile mbele ya mama yangu, na mama akaitikia kwa kichwa kunisaidia kuibeba.

Jicho lilikuwa limeingiwa na uchafu. Tulipewa dawa ya matone. La pili, wakasema, haligusiki mpaka hili litulie, na lisipotulia hata hicho kidogo anachokiona kitarudi gizani.

Alilala kwangu Nyamitanga usiku huo. Asubuhi nilimkuta ameshavaa, amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, anasikiliza. Nikamuuliza anasikiliza nini. "Ninangoja mutu apite," akasema. Baadaye nikiwa nachemsha chai aliuliza, "Jirani yako huyu wa ukuta huu, ni nani?" Nikamwambia kweli: sijui. Najua redio yake, najua viatu vyake vinavyolia.

"Sasa siku ukikufa," akauliza, "nani ataona kama moshi haiko?"

Hakuwa ananisema vibaya. Alikuwa na wasiwasi nami. Ndiyo maana iliniuma. Nilisimama na sufuria mkononi, nikamwahidi maneno mengi, nitapiga simu kila asubuhi, nitakuuliza ulilala je, nitanunua simu yenye sauti kubwa. Akanipiga begani. "Fimbo ya mbali haiuwi nyoka, mama," akasema, akaomba sukari.

Na hapo, nikikoroga chai, nilikubali jambo ambalo nilikuwa nalipisha njiani muda wote huo. Nesi alisema moto hapana, lakini sababu yake ilikuwa moshi na kupuliza. Moto ungeweza kuwepo, mradi mama asiupulize, asikae kwenye moshi. Kulihitajika mtu. Mtu wa kuinama badala yake. Na mimi, mtoto pekee aliye karibu, niliona ni rahisi zaidi kushona mto. Sikukitengeneza kile kikapu ili mama apumzike. Nilikitengeneza ili nisije. Hasara yote niliyoipigia hesabu ubaoni ilikuwa hasara ya mtu mwingine, na faida ilikuwa muda wangu.

Jumamosi nilimrudisha Juru. Nikayabeba mafiga matatu kutoka jikoni, nikayaweka uani, mahali ambapo upepo unapita kutoka upande wa shamba. Kigoda cha mama nikakiweka upande unakotoka upepo, ili moshi uende zake mbali naye. Angalau kwa hilo fizikia ilinisaidia. Mama alikuwa ananitazama. Kisha nikachukua kigae chake.

Kijia kile ni kifupi, lakini siku hiyo hakikwisha. Nilipita kwenye kichuguu, nikaruka makaa. Jirani alikuwa jikoni kwake, akaniona, akaendelea kuchambua mboga. Nilisimama mlangoni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya msamaha tangu Mbarara, yenye mwanzo na mwisho, na yote ilikauka.

"Nimekuja kuomba moto," nikasema.

Alichambua jani jingine. "Moto hauombwi umesimama," akajibu. "Kaa."

Nikakaa kwenye gogo. Moshi uliniingia puani, nikakohoa. Alimaliza kuchambua mboga zake, akazisuuza, akaweka pembeni, akajipangusa mikono kwa kanga. Ndipo akaniangalia. "Mwalimu, ulilala je?"

Maswali ya watoto darasani huwa nayajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Hili lilinishinda. Sikumbuki ni lini mtu aliwahi kuniuliza na kisha akangoja jibu.

"Sikulala," nikasema. "Nilikutukana, na sikulala."

"Hata mimi," akasema. Alivuta makaa matatu manne kwa kijiti, akayapanga kwenye kigae, akayawekea majivu kidogo chini yasinichome. Nikafungua mdomo kusema asante, nikakumbuka, nikaufunga. Nilielewa pale kwa nini mama alikuwa ananifinya. Asante ingenitua mzigo, na haikuwa saa ya kutuliwa.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Yakizimika njiani, urudi. Mama yako alikuwa anarudi."

Hayakuzimika. Niliyapuliza kijia chote. Uani nikatafuta kuni, na za karibu zilikuwa zile za ukutani, za kilio. Nikasita. Mama alizitazama, kisha akacheka kidogo. "Choma," akasema. "Zilikuja kunililia. Basi zinipikie ningali ninaona." Nikaziwasha. Kabla chungu hakijachemka jirani alikuja na chungu chake kichwani, akakitua kando ya chetu, akasema kuanzia sasa atapika hapa, yeye ndiye atakayepuliza, na mama kazi yake ni kukaa upande wa upepo na kukosea habari za Bikira Maria. "Nani anakosea?" mama akamjibu papo hapo. Ulikuwa mjadala mrefu. Watu wawili walipita na vigae, wakakaa.

Jicho bado linatoa maji siku nyingine. La kushoto bado halijafanywa. Nesi akijua kuna moto uani kwa mama atanifukuza kama mbwa, na atakuwa na haki. Sijui kama nimemrudishia mama kitu au nimemnyang'anya kingine. Kuhamia shule ya kambini sijaomba. Najiambia muhula ujao, na muhula ujao ukifika nasema ule unaofuata. Yule aliyemwita mwenzake mchawi ndiye anayelala Nyamitanga kwenye kitanda kizuri, na yule aliyeitwa mchawi ndiye anayeinama kila alfajiri kumpulizia moto mama wa mtu.

Kikapu mama alinirudishia. Alisema mtu anayeishi peke yake anakihitaji zaidi. Naroweka maharagwe usiku, nayachemsha kidogo asubuhi, nafunika, naenda kufundisha. Jioni nikifunua yameiva vizuri sana, chungu bado cha moto, joto lote limo ndani, hakuna hata chembe iliyokwenda kwa jirani. Nachukua sahani moja, nakula.